Kuazima mtindo kwenye filamu za mitindo: koti la Andy, soksi za Audrey na joto la Tanga

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mhasibu katika ofisi moja hapa Tanga. Filamu ya The Devil Wears Prada nimeitazama mpaka nyumbani wamenichoka. Mwaka jana nilimpelekea fundi picha ya lile koti la kijani lenye kola ya madoa ya chui analovaa Andy akienda kazini, naye akanishonea vizuri tu, kwa kitambaa kizito kama nilivyomwomba. Nikilivaa najiona kama nimeazima nguo ya mtu, na jasho ndiyo usiseme. Wenzangu ofisini huniuliza kama nina safari ya Ulaya. Je, mtu wa kawaida anaweza kweli kupata mtindo wake kwenye filamu kama hizi, au ni mambo ya kutazama tu?

Jibu: Marahaba, dada. Inawezekana, na wala si jambo geni, kwa maana tangu enzi za sinema zisizo na rangi watazamaji wamekuwa wakitoka ukumbini na kwenda moja kwa moja kwa mafundi wao. Kwa maelezo yako naamini fundi alifanya kazi yake barabara. Kasoro imo katika nguo uliyomchagulia, kwani katika filamu nzima ile ni vigumu kupata vazi lililokusudiwa kuonekana kwa muda mfupi kuliko koti hilo.

Likumbuke linavyotokea. Andy, msaidizi mpya wa bosi wa jarida la mitindo, anayechezwa na Anne Hathaway, anatembea katika mitaa ya New York, gari linapita mbele ya kamera, na likishapita tayari amevaa nguo nyingine. Anapotea tena kidogo na kutokea na nyingine tena, huku wimbo ukiendelea. Kazi ya mfululizo huo ni kumjulisha mtazamaji kwamba muda umepita na kwamba msichana aliyekuwa hajui kuvaa sasa anajua. Kila vazi lina sekunde chache tu za kueleweka, kwa hiyo sharti lipige kelele: kijani kikali, chui shingoni na mikononi, glovu, mkoba. Patricia Field, aliyesimamia mavazi ya filamu hiyo ya mwaka 2006 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, hakuwa na sababu ya kujiuliza kama koti litaendana na sketi nyingine aliyonayo Andy kabatini, wala kama litavalika tena Jumatano. Imeelezwa mara nyingi kwamba bajeti yake ya mavazi ilikuwa kama dola 100,000, ilhali nguo zilizopita mbele ya kamera zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 1, kwa kuwa nyingi ziliazimwa kwa wabunifu na kwa marafiki. Hakuna anayeishi na kabati la namna hiyo, hata huko New York.

Tena kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulipita bila kulitilia maanani, nalo ni kwamba filamu yenyewe haibaki na nguo hizo. Andy akishaacha kazi anampigia simu mwenzake Emily na kumwachia mavazi yote aliyorudi nayo kutoka Paris, na kwenye usaili wa kazi ya gazeti anakwenda akiwa amevaa koti fupi la ngozi la rangi ya kahawia, sweta la rangi nyeusi na suruali ya jinzi. Simamisha filamu hapo, halafu rudi mwanzo kabisa ulitazame lile sweta lake la buluu lililomvimba mwilini alilokuja nalo kazini. Vyote viwili ni vitu vya kawaida ambavyo mtu yeyote angeweza kununua. Lakini katika vazi la mwisho bega la koti linaishia pale bega lake linapoishia, jinzi inashuka moja kwa moja bila kujikunja kwenye kifundo cha mguu, na rangi ni mbili au tatu tu, zote za giza, hivyo jicho linakwenda usoni pake. Hilo ndilo vazi ambalo ningekushauri umpelekee fundi picha yake. Haliwekwi kwenye mabango, na labda ndiyo sababu hakuna anayeliiga.

Ili uelewe kwa nini mavazi yanayokumbukwa zaidi ndiyo mara nyingi yasiyofaa nyumbani, yafaa ujue jinsi vazi la filamu linavyotengenezwa. Hushonwa au hurekebishwa kwa mwili wa mtu mmoja, kwa ajili ya tendo moja, chini ya taa zilizopangwa. Kama mwigizaji anaonekana kwa mbele tu, mgongoni kunaweza kuwa na pini na vibanio vinavyoikaza nguo. Kama tukio linamtaka asimame, hakuna anayejali kwamba sketi haimruhusu kukaa. Katika filamu ya Cruella ya mwaka 2021, iliyompatia Jenny Beavan tuzo ya Oscar, Emma Stone alibadilishiwa mavazi 47 katika filamu ya saa mbili na robo hivi, yaani kwa wastani vazi jipya kila baada ya dakika tatu. Mavazi hayo ni ya kustaajabiwa, nami nayastaajabia, ila kumchukulia mhusika huyo kama kielelezo cha mavazi ya ofisini kungekupeleka kubaya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa soksi. Katika Funny Face, filamu ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Stanley Donen, Audrey Hepburn anacheza msichana muuza vitabu wa New York ambaye jarida la mitindo linamchukua na kumpeleka Paris kuwa mwanamitindo. Mavazi ya Paris yalibuniwa na Hubert de Givenchy, na mengine na Edith Head. Watu wote hulikumbuka gauni jekundu analoshuka nalo kwenye ngazi za jumba la makumbusho la Louvre, mikono ikiwa imeinua mtandio juu, sanamu ya mungu wa kike wa ushindi ikiwa nyuma yake. Lakini kuna tukio jingine, katika mkahawa wenye mwanga hafifu, ambapo anacheza dansi akiwa amevaa sweta jeusi lenye shingo ndefu, suruali nyeusi nyembamba inayoishia juu ya kifundo cha mguu, viatu vyeusi vya chini, na soksi nyeupe. Hepburn hakuzitaka soksi hizo. Aliona zinaukata mguu wake na kuonyesha nyayo kubwa, akataka nyeusi. Donen alishikilia nyeupe kwa sababu ndani ya giza la mkahawa ule miguu yenye soksi nyeusi ingepotea na dansi isingeonekana. Hepburn alikubali kwa shingo upande, na baadaye, alipoiona filamu, alimwandikia Donen kukiri kwamba katika suala la soksi mwongozaji alikuwa na haki.

Sasa angalia kilichotokea baada ya hapo. Gauni jekundu lilibaki kwenye picha. Sweta jeusi na suruali nyembamba viliingia katika makabati ya wanawake wa nchi nyingi na havijatoka mpaka leo. Mwaka 2006, mwaka uleule wa filamu yako, kampuni ya Gap ilikichukua kipande hicho cha dansi na kukitumia katika tangazo la televisheni la kuuza suruali nyeusi nyembamba, karibu nusu karne baada ya filamu kutoka. Na katika wote walioiga vazi hilo, ni wachache mno waliojisumbua na soksi nyeupe, kwa kuwa soksi zilikuwa za kamera na suruali ilikuwa ya mtu. Ukitazama vazi lolote kwenye filamu, jiulize kipande kwa kipande: hiki kimewekwa ili kamera ikione, au ili mhusika aishi nacho? Kola ya chui ya koti lako ni soksi nyeupe.

Ndiyo maana nashauri utafute kwenye filamu vitu vinavyojirudia, uachane na vinavyobadilika. Mfuatilie Miranda, yule bosi anayechezwa na Meryl Streep, ambaye Field alimvika kwa sehemu nguo za zamani za mbunifu Donna Karan. Makoti na mikoba anayoitupa kwenye meza ya msaidizi hubadilika kila asubuhi, lakini umbo lake ni lilelile: nywele nyeupe, kiuno kilichobanwa kwa mkanda au kwa mkato wa nguo, sketi inayoishia karibu na goti, jambo moja tu shingoni au masikioni, na rangi zilizotulia. Huyo ana kanuni. Mtu mwenye kanuni anaweza kuigwa na mtu mwenye kipato cha mshahara, kwa sababu kanuni haiuzwi dukani. Unaweza kuamua, kwa mfano, kwamba kiuno chako kitaonekana daima na kwamba nguo zako zote za kazini zitatoka katika rangi nne. Ukishaamua hivyo, hata blauzi ya bei ndogo inajua mahali pake. Mtazame pia Nigel, anayechezwa na Stanley Tucci, ambaye ndiye hasa anayemvika Andy: yeye mwenyewe huvaa suti zilizomkaa sawasawa, kisha huweka uchangamfu wote kwenye tai na shati. Mhasibu anaweza kujifunza kwake zaidi kuliko kwa Andy.

Namna ya kutazama nayo ina utaratibu wake. Chagua mhusika mmoja tu, uitazame filamu ukiwa umeizima sauti, maana muziki na maneno hukufanya uipende nguo kwa sababu zisizohusiana na nguo. Kila anapotokea amesimama mwili mzima, simamisha na upige picha ya skrini. Ukishapata picha kumi hivi, zipange pamoja kwenye simu, usahau aina ya kitambaa na jina la mbunifu, uangalie urefu: sketi inaishia wapi, koti linaishia wapi kwa kulinganisha na nyonga, mkono wa blauzi unaacha kiasi gani cha kifundo cha mkono wazi. Urefu ndio unaosafiri vizuri zaidi kutoka kwenye filamu kwenda mwilini mwa mtu mwingine, nao haukugharimu chochote zaidi ya kalamu ya fundi. Baada ya hapo hesabu rangi katika kila picha. Nina hakika utashangaa jinsi zilivyo chache.

Kuhusu rangi ningependa kusimama kidogo. Rangi unayoiona kwenye skrini imepita kwenye taa, kwenye kamera na kwenye marekebisho ya mwisho ya picha kabla haijakufikia, kwa hiyo kijani cha koti lile huenda hujawahi kukiona hasa. Isitoshe, waigizaji wakuu wa filamu hizi kwa sehemu kubwa wamekuwa weupe, na rangi zilipimwa kwa ngozi zao. Filamu inayofaa kutazamwa hapa ni Mahogany ya mwaka 1975, ambamo Diana Ross anacheza msichana wa Chicago anayekwenda Roma kuwa mwanamitindo na hatimaye mbunifu, na ambamo mavazi aliyabuni Ross mwenyewe, aliyekuwa amesomea ubunifu wa mavazi tangu sekondari huko Detroit. Hadithi yake ina udhaifu, sitakuficha, na baadhi ya mavazi yamepitiliza. Lakini humo utaona rangi zilizoiva zikivaliwa karibu na uso mweusi na mwanamke aliyezichagua akiujua uso wake. Wewe fanya jaribio dogo dukani: usikubali rangi chini ya taa ya duka, omba jora, toka nalo mlangoni kwenye mwanga wa jua, liweke chini ya kidevu na umwombe mwenzako atazame uso wako, asitazame kitambaa. Kama jicho lake linakwenda kwanza kwenye kitambaa, kirudishe.

Utapata wapi nguo zenyewe? Katika filamu yako kuna lile tukio maarufu ambapo Andy anacheka kidogo kwa kuona watu wakibishana juu ya mikanda miwili inayofanana, na Miranda anamweleza, bila kupandisha sauti, safari ya rangi ya buluu ya sweta lake: ilianzia kwenye magauni ya Oscar de la Renta ya mwaka 2002, ikachukuliwa na wabunifu wengine, ikashuka kwenye maduka makubwa, na mwishowe ikatupwa kwenye kapu la bei ya punguzo alikoiokota yeye. Miranda aliishia hapo kwa sababu aliishi New York. Sisi tunajua kwamba safari huendelea: nguo zikishatolewa kwenye makabati ya Marekani na Ulaya hufungwa marobota, huingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na hufunguliwa Karume, Gikomba na kwenye meza za mitumba za kila mji, ukiwamo wako. Kwa mtu anayetaka mkato wa nguo za filamu hizi, mtumba mzuri una faida ambayo kitambaa kipya hakina, kwani jaketi la ofisi lililotengenezwa kiwandani kwa bitana na pedi za mabega ni kazi ambayo mafundi wengi wa mtaani wasingependa kuianza kutoka sifuri. Unapochagua, anza na mabega. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, pindo hupandishwa, lakini bega lililozidi ni kulifumua koti lote, na gharama yake itakutia majuto.

Hapo ndipo fundi anapoingia, nami ningependa utazame Phantom Thread ya mwaka 2017, ambayo mavazi yake yalimpa Mark Bridges tuzo ya Oscar. Inahusu mshonaji wa mavazi ya kifahari jijini London katika miaka ya 1950. Daniel Day-Lewis, anayemcheza mshonaji huyo, alijifunza kushona kwelikweli kwa ajili ya kazi hiyo hadi akaweza kuiga gauni la mbunifu Balenciaga, na miongoni mwa wanawake unaowaona kwenye meza za kushonea wamo waliokuwa washonaji halisi. Magauni yake usiyaige. Tazama tukio moja: usiku, mshonaji anampima Alma, msichana aliyekutana naye siku hiyo, na dada wa mshonaji anaingia, anaketi na daftari, anaandika kila namba inayotajwa. Namba ni nyingi. Hazikomei kwenye kifua, kiuno na nyonga kama tulivyozoea.

Ukienda kwa fundi wako, mwombe aongeze vipimo vinne: upana wa mabega kwa nyuma, urefu kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, urefu wa mkono ukiwa umekunja kiwiko, na urefu kutoka kiunoni hadi goti ukiwa umevaa viatu utakavyovaa na nguo hiyo. Kimoja kati ya hivyo kikikosewa, nguo itaonekana ya kuazima hata kama kitambaa ni cha thamani. Mpelekee picha tatu za nguo, mbele, ubavuni na nyuma, badala ya moja iliyopigwa mwigizaji akitembea. Na kwa nguo utakayoilipia fedha nyingi, nunua mita chache za kitambaa cha marekani, aikate na kuiunga kwa mkono kwanza kwa kitambaa hicho, uivae, ukae kitini, unyanyue mikono kama unayechukua jalada juu ya kabati, ndipo aguse kitambaa chenyewe. Mafundi wengine watanung'unika kwamba ni kazi mara mbili. Walipe hiyo mara ya pili.

Kuhusu joto, usishindane nalo. Nguo za filamu yako ni za sufu na za kuvaliwa moja juu ya nyingine, shati ndani, sweta juu, koti juu yake, kwa sababu baridi ya New York inataka hivyo na kwa sababu tabaka huonekana vizuri kwenye picha. Pwani unabaki na tabaka moja, pengine moja na nusu. Umbo la koti unaweza kulipata kwa kizibao kirefu cha kitani kisicho na bitana, kilicho wazi mbele, juu ya gauni la rangi moja. Kama unapenda mikono mirefu kwa sababu ya stara, iwe mipana kidogo na kitambaa kiwe pamba inayopitisha hewa. Koti la kijani liuze. Lushoto kuna mtu atakayelihitaji mwezi wa Julai kuliko unavyolihitaji wewe, na fedha yake itatosha suruali.

Nami ningeanza na suruali hiyo kabla ya kitu kingine chochote: nyeusi, kiuno cha juu, nyembamba bila kubana, ikiishia juu kidogo ya kifundo cha mguu kama ile ya mkahawani, kwa sababu itakubeba siku tatu katika wiki na hakuna atakayeitambua imetoka kwenye filamu gani. Chagua pamba nzito inayovutika kidogo. Kabla ya kuipeleka kwa fundi iloweke majini usiku kucha uianike kivulini, maana pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na kwa suruali iliyokatwa kuishia pale, sentimita mbili zikipotea huna pa kuzitoa.